Jino Limevunjika, Mzizi Bado Unajengwa

Mtoto wa darasa la pili anarudi nyumbani ameziba mdomo kwa kiganja. Amejikwaa kwenye ngazi. Kama alizimia, anatapika au anasinzia ovyo, mpeleke hospitali upesi kwa ajili ya kichwa, jino litafuata. Akiwa na fahamu zake, msuuze kinywa kwa maji safi, kisha mtazame penye mwanga. Ukiona katikati ya palipovunjika nukta nyekundu, ndogo kama kichwa cha pini, basi umekiona kiini cha jino lake.

Kiini ni nyama laini iliyo ndani ya jino, yenye damu na mishipa ya fahamu. Ndicho kinachouma, ndiyo maana wengi wanataka kiuawe au jino ling'olewe yaishe. Tafadhali, mzazi, usikubali haraka hiyo. Meno mawili makubwa ya mbele ya juu huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8, lakini mzizi huendelea kujengwa kwa miaka kama 3 baada ya hapo. Kinywani unaona jino la mtu mzima. Ndani ya ufizi mna mzizi mfupi, wenye kuta nyembamba na ncha iliyo wazi kama mwanzi uliokatwa. Fundi wa kuurefusha, kuzinenepesha kuta zake na kuifunga ncha hiyo ni kiini. Kikifa sasa, kuta hubaki nyembamba vilevile, na jino linaweza kukatika usawa wa ufizi miaka michache baadaye kwa pigo dogo tu.

Ukiwa bado nyumbani

Tafuta kipande kilichovunjika, hata kama ni kidogo. Kiweke kwenye kikombe cha maji safi au maziwa uende nacho, maana mara nyingi daktari huweza kukigandisha mahali pake. Mtoto akiwa na maumivu, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake, aimeze. Usipake jinoni mafuta ya karafuu, spiriti, chumvi wala majivu. Usisage aspirini ukaiweka kwenye ufizi, inaunguza. Nukta ile nyekundu ni nyama hai, na kabla ya kuweka kitu kwenye kidonda cha jicho ungefikiri mara mbili. Hapa pia fikiri mara mbili.

Nenda kwa daktari wa meno siku hiyohiyo. Na kama siku mbili tatu zimeshapita, nenda vilevile, usikate tamaa. Mwaka 1978 daktari Miomir Cvek wa Uswidi alichapisha taarifa ya meno 60 yaliyovunjika hadi kiini kikawa wazi, mengine yakiwa yamekaa hivyo kwa siku nyingi kabla ya kutibiwa. Asilimia 96 yalipona.

Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo. Mtoto hupigwa ganzi. Daktari hukata sehemu ya juu tu ya kiini, kiasi cha milimita 2, ile iliyovimba, akibakiza chini nyama yenye afya. Huosha, husubiri damu ikatike yenyewe, kisha hufunika kidonda kwa dawa yenye asili ya chokaa au saruji maalumu ya meno, na juu yake huziba jino lisipenyeze mate. Chini ya dawa hiyo kiini hujitengenezea ukuta mpya mgumu. Muulize daktari waziwazi: "Mzizi wa jino hili umekomaa? Kiini chake kinaweza kuokolewa?" Una haki ya kuuliza kabla koleo halijashikwa.

Baada ya tiba

Kwa wiki moja au mbili mpe uji, wali laini, ndizi za kupikwa. Muwa na mahindi ya kuchoma vingoje. Aendelee kupiga mswaki laini, hata kama anaogopa.

Maumivu yakiisha, familia nyingi huacha kurudi kliniki. Hapo ndipo meno mengi hupotea, kwa sababu kiini kinaweza kufa kimyakimya. Rudi baada ya wiki 6 hadi 8, kisha miezi 3, miezi 6 na mwaka. Katikati ya hapo, rudi mapema ukiona jino linageuka rangi ya kijivu, kijipu kwenye ufizi, au mtoto akiamshwa usiku na maumivu.

Kila anapopigwa eksirei, mwombe daktari akuonyeshe jino hilo na mwenzake wa upande wa pili. Utaona mwenyewe kama mizizi inarefuka sambamba, na ile ncha iliyokuwa wazi inavyozidi kubana.