Somo la Robo Hii: Kutoka Malta Hadi Karema

Soma: Luka 10:30–37



Hapa Sumbawanga Hospitali ya Dkt. Atiman, mali ya ndugu zetu Wakatoliki, inafahamika na wote. Wachache wanajua kwamba habari za jina hilo zinapitia kisiwa cha Malta, katika Bahari ya Mediteranea.

Mwaka 1574 Shirika la Mtakatifu Yohane lilianza kujenga hospitali kubwa mjini Valletta. Wodi yake kuu ina urefu wa mita 155, na wagonjwa walilishwa kwa vyombo vya fedha. Mwaka 1676 mkuu wa shirika, Nicolas Cotoner, alianzisha humo shule ya anatomia na upasuaji. Shule hiyo ndiyo chimbuko la kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Malta. Jengo lenyewe liliona mengi. Wafaransa walikiteka kisiwa mwaka 1798 wakayeyusha vile vyombo. Baadaye likawa hospitali ya jeshi la Uingereza, likapigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na tangu 1979 ni ukumbi wa mikutano. Halilazi tena mgonjwa yeyote.

Elimu yake, hata hivyo, ilikwisha kutoka nje ya kuta. Adrian Atiman alikuwa mtoto aliyeibwa karibu na Timbuktu akauzwa utumwani, kisha akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Mwaka 1881 walimpeleka Malta, akasomea udaktari katika chuo kikuu hicho. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika misheni iliyoanzia kwenye ngome ya zamani ya Wabelgiji. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67, bila vyombo vya fedha.

Maombi mengi yanayotufikia kutoka sharikani ni ya saruji, nondo na mabati. Ada ya kijana anayesomea uuguzi au utabibu huombwa mara chache. Wafadhili nao (mtuwie radhi) hupenda jengo, maana linapigwa picha vizuri. Yule Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni, tena akaahidi kulipa gharama itakayozidi.

Katika kikao chenu kijacho jadilini: zahanati mnayokusudia kujenga, nani atahudumu ndani yake? Yuko darasa la ngapi leo, na nani anamlipia?