Ya pinki ya Kariakoo, au ya shemeji wa Ujerumani?

*Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Binti yangu wa miaka 11 amechaguliwa kuingia bendi ya shule na mwalimu kampangia klarineti. Shuleni zipo mbili kwa watoto watano, wanapokezana. Mwalimu anasema mzazi mwenye uwezo anunue, "yoyote ile". Nina laki nne na nusu za mchezo wa akina mama. Kariakoo nimeonyeshwa moja mpya, ya pinki, ina sanduku na glovu, shilingi 380,000. Mtoto ameipenda mpaka anaiota. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani anasema nisinunue, atanitafutia iliyotumika, ya mbao. Mume wangu anasema mtumba hataki kuusikia, na kwamba hicho ni chombo cha polisi, mtoto atakichoka muhula mmoja tu. Silali. Nikinunua akaacha, nitasemwa. Nisiponunua, nitamkatisha tamaa. Nifanyeje?*
*Mama Asiyelala, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kwanza zirudishe hizo laki nne na nusu pale ulipozificha, maana wiki hii hununui klarineti. Wiki hii unanunua vitu viwili vidogo nitakavyokutajia, na unamwandikia shemeji ujumbe wenye maswali. Ukishafanya hayo, lala.

Nianze na ile ya pinki. Rangi yake haina ubaya wowote, na wala si dhambi kwamba ni ya plastiki. Nitakayokushauri mbele kidogo katika barua hii nayo ni ya plastiki. Shida iko kwenye chuma. Klarineti ya kawaida ina vibonyezo 17, na karibu kila kimoja kina mhimili wake, springi yake na pedi ndogo inayoziba tundu. Kwenye zile za bei ya chini kabisa, ambazo hata jina la mtengenezaji hulipati ukilitafuta, chuma hicho mara nyingi ni laini. Mtoto akiishika vibaya wakati wa kuunganisha, kibonyezo kinapinda. Kikipinda, pedi haikai sawasawa juu ya tundu na hewa inavuja. Fundi akijaribu kukinyoosha kinavunjika, na cha kubadilishia hakipo.

Klarineti haisamehe uvujaji. Filimbi ile ya plastiki ya shuleni, ukizidisha pumzi, noti ileile inapanda oktava moja, na vidole vinabaki palepale. Klarineti inapanda oktava moja na nusu hivi, kwa hiyo mpigaji ana noti nyingi za kujaza katikati, na ndiyo maana imejaa vyuma vyote hivyo. Binti yako atakaa na sauti za chini kwa miezi ya mwanzo, kisha siku moja mwalimu atamwambia avuke kwenda za juu. Kuvuka huko kunataka azibe karibu matundu yote kwa mara moja. Pedi moja ya juu ikivuja hata upana wa unywele, chombo kinapiga kelele kama bawaba kavu au kinakataa kabisa kutoa sauti. Mtoto wa miaka 11 hawezi kujua kuwa ni pedi. Atajua tu kwamba wenzake wanavuka naye havuki. Atajitahidi, atauma mdomo, kisha ataanza kuumwa tumbo siku za bendi. Hapo baba atasema, si nilisema atachoka?

Ndiyo maana neno la mwalimu, "yoyote ile", silikubali, ingawa najua amelisema kwa huruma, asiwatishe wazazi. Mwendee shuleni. Muulize zile mbili za shule ni za aina gani, na muombe akubali kuijaribu yoyote utakayoipata hapa nchini kabla hujailipia. Dakika kumi za mwalimu anayejua kupiga zitakusaidia kuliko maelezo ya wauza duka wote wa Kariakoo.

Sasa shemeji. Ana moyo mzuri, na wazo lake la iliyotumika ni sahihi. Lakini yuko katika nchi ambayo mtu anaweza kununua klarineti nzuri sana ambayo mtoto wako hataweza kuitumia.

Ipo hadithi fupi hapa, na inafurahisha. Mwanzoni mwa karne ya 18 klarineti ilitengenezwa Nuremberg, na fundi Johann Christoph Denner ndiye anayetajwa. Miaka zaidi ya mia baadaye Theobald Boehm, mpiga filimbi wa Munich, akabuni namna mpya ya kupanga matundu na pete za filimbi yake. Huko Paris, Hyacinthe Klosé, mpigaji na mwalimu, pamoja na fundi Louis-Auguste Buffet wakalichukua wazo hilo wakalitia kwenye klarineti, wakaionyesha mwaka 1839. Mpangilio huo unaitwa Boehm mpaka leo na ndio unaofundishwa karibu duniani kote. Isipokuwa Ujerumani na Austria! Wao, ambao Boehm ni ndugu yao, walibaki na mpangilio wao wenyewe, na hadi leo wanafunzi wengi wa huko huanza nao. Vidole haviendi sawa, kipande cha mdomoni ni kingine, na vitabu vya mazoezi ni vingine. Mwalimu wa Morogoro aliyefundishwa kwa Boehm hataweza kumsaidia binti yako, labda naye ajifunze upya.

Kwa hiyo mwambie shemeji atafute yenye neno "Böhm", maana ndivyo matangazo ya huko yanavyoliandika, na iwe ya Bi-flati, ile ya kawaida ya bendi. Akutumie picha. Wewe usisome maandishi, tazama sehemu ya chini, pale kinapokaa kidole kidogo cha mkono wa kulia. Ukiona vibonyezo vinne vimekaa pamoja, ni Boehm. Ukiona viwili vyenye vigurudumu vidogo katikati yake, ni ya Kijerumani. Mshukuru, mwambie aiache. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwani hata Yamaha wametengeneza za Kijerumani.

Tena isiwe ya mbao.

Hapa najua nagusa kidonda, kwa sababu mbao anayoisifu shemeji ni yetu. Klarineti za daraja la juu huchongwa kwa mpingo, huu huu wa Kilwa, Lindi na Mtwara hadi Msumbiji, mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Wamakonde wanachonga vinyago kwa mti uleule ambao Ulaya wanautengenezea vyombo vya muziki. Mti hukua polepole mno, hupinda, na kipande kilichonyooka, kisicho na ufa, cha kutosha bomba la klarineti ni cha kutafuta. Wapo wanakijiji wa Kilwa wanaomiliki misitu yao na kuuza mpingo kwa utaratibu, na mwaka 2009 walipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu. Ningependa siku moja binti yako apige mpingo wa Kilwa, na ajue umetoka Kilwa.

Ila siku hiyo si mwaka huu. Mpingo hupasuka pale ndani panapolowa kwa pumzi na nje pakiwa pakavu au baridi, na klarineti kuukuu iliyozoea sebule ya Ulaya ikiletwa ghafla kwenye jua la paredi haina hakika ya kubaki nzima. Ufa mmoja ukikatiza tundu, pesa za mchezo zimekwenda. Mbao inataka kupashwa moto taratibu, kukaushwa na kutazamwa, na yule ni mtoto, ataiacha juu ya dawati dirishani. Plastiki ngumu ya ABS haipasuki hovyo, na masikio ya bendi ya shule hayatajua tofauti.

Kwa hiyo jina ninalotaka shemeji aliandike kwenye karatasi ni Yamaha 250 au 255, au Buffet Crampon B12. Zile za zamani za Kimarekani, Bundy na Vito za plastiki, nazo ni ngumu, zimepita mikononi mwa watoto wa shule wa vizazi viwili zikabaki hai. Mpya za daraja hili ni ghali, usijisumbue nazo. Zilizotumika, kwa mtu aliyeko kule na asiye na haraka, huweza kupatikana kwa pesa kama ulizonazo au pungufu.

Kuhusu mumeo. Kutaka mtoto wake apate kitu kipya si kosa, na usimjibu kwa ubishi. Muulize tu kwa nini Watanzania wanakimbilia Toyota iliyotumika na kuacha gari jipya ambalo vipuri vyake hakuna anayejua vinatoka wapi. Atalijibu swali mwenyewe. Kisha mwambie la pili: klarineti yenye jina, binti akiacha baada ya muhula mmoja, mwakani kuna mzazi mwingine atakayeinunua kwa bei isiyo mbali na yako. Ya pinki hutamuuzia mtu ukiwa na dhamiri. Kusemwa unakokuogopa kunapungua sana pesa inapoweza kurudi. Na kama bado anaona haya ya mtumba, Korogocho kule Nairobi vijana wa Ghetto Classics wamejifunza muziki wa okestra kwa vyombo vingi vya kupewa, wakapiga mbele za watu wakubwa.

Na hilo la chombo cha polisi, kama ni mpenzi wa rumba mkalishe. Bendi ya OK Jazz ilipoanza Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956, miongoni mwa waanzilishi pamoja na Franco alikuwapo Jean Serge Essous, kijana wa Brazzaville, na chombo chake kilikuwa klarineti. Mtafutie rekodi zile za mwanzo, kabla saksafoni hazijatawala. Polisi hawamo.

Umri wa mtoto ni mzuri. Mradi meno ya mbele ya utu uzima yameshatoka na ncha za vidole zinaziba matundu bila kuacha upenyo, yuko tayari. Chombo chote hakifiki kilo moja, ila uzito wake unakaa kwenye dole gumba la kulia. Akilalamika, usimwambie ni mvivu, mtafutie mkanda wa shingoni.

Klarineti ikifika, usiitazame mng'aro. Fungua sanduku unuse. Harufu ya ukungu maana yake pedi zimelala na unyevu. Unganisha vipande, uvitikise taratibu. Maungio yakicheza, kile kizibo laini kinachoyazunguka kimekwisha, jambo ambalo si kubwa, linabadilishwa. Kisha chukua kipande cha juu peke yake. Ziba matundu yote kwa vidole, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, ufyonze hewa kwa mdomo upande wa juu. Kikiwa kizima utasikia kimekung'ang'ania, na ukikiachia kitatoa sauti ndogo ya kupasuka. Hewa ikiingia mara moja, kinavuja. Cha chini ni hivyohivyo, ila utahitaji mtu wa pili wa kukubonyezea. Chombo cha jina kikivuja hakijafa, kinataka pedi, na wapigaji wa bendi za polisi na jeshi wanawajua mafundi. Weka akiba ya kazi hiyo katika hesabu yako. Usimalize laki nne na nusu zote kwenye ununuzi.

Nimefika kwenye vile vitu viwili vya wiki hii. Cha kwanza ni kile kipande cha mdomoni, mausipisi, kiwe cha kwake mwenyewe. Watoto watano wanapokezana mate na mafua, hilo peke yake lingetosha. Lakini kuna zaidi: sauti ya klarineti inazaliwa pale. Mausipisi nzuri kwenye klarineti ya kawaida itamsaidia kuliko mausipisi mbovu kwenye klarineti ya gharama, na zinazokuja na klarineti za bei ya chini mara nyingi ni mbovu. Yamaha 4C inamtosha mwanafunzi na si ghali. Vandoren B45 ni nzuri pia, ila bei iko juu zaidi. Kama za shule ni Boehm, na mwalimu atakuambia, itaingia kwenye ile ya shule leo na kwenye ya kwake baadaye. Hata kabla ya zamu yake ya chombo kizima, anaweza kukaa nyumbani akapuliza mausipisi na kile kipipa kifupi kinachofuata, kama mwalimu atamwazima. Wanafunzi wengi huanzia hapo. Majirani watavumilia.

Cha pili ni ridi, ule ulimi wa mwanzi unaofungwa kwenye mausipisi. Agiza namba moja na nusu au mbili, si zaidi, hata kama muuzaji atakuambia ngumu ndiyo ya wataalamu. Boksi huwa na kumi. Atoe tatu, azipokezane siku kwa siku ili zisichoke upesi, nyingine azihifadhi. Yenye pengo kwenye ncha itupwe, hata akiipenda. Na mausipisi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, kamwe yasiwe ya moto.