Jumatano: Ndugu Anayekunywa Methadoni

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na Luka 10:33–35. Ikiwa mwili ni hekalu, tumtendeeje yule ambaye lake limekwisha kubomolewa?

Ubongo hutengeneza wenyewe kemikali za kutuliza maumivu. Unga, yaani heroini, hugeuka mwilini kuwa mofini na kukalia nafasi ya kemikali hizo kwa nguvu kupita kiasi. Huleta raha ya ghafla, lakini pia hupunguza kasi ya kupumua, na wengi hufa hivyo. Ubongo nao hujizoesha. Unga ukikosekana huja arosto: jasho, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kutoweka. Aliyefika hapo hatafuti tena raha, anatafuta nafuu.

Tangu 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili hutoa methadoni, dawa inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hukalia nafasi ileile, ila polepole, na hudumu takriban saa 24, hivyo mtu huweza kufanya kazi na kulala. Wapo washiriki wanaosema huku ni kubadilisha kilevi tu, wakamhimiza ndugu aiache kwa imani kabla ya ubatizo. Ushauri huo ni wa hatari. Akiiacha ghafla, arosto hurudi. Akirudia unga kwa kipimo cha zamani, mwili uliopoteza mazoea waweza kuacha kupumua. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari. (Msamaria naye alitumia mafuta na divai, kisha akalipia matunzo ya siku za mbele.)

Jadilini: Mtu anayetoka kliniki kila asubuhi akiomba ubatizo, darasa lenu litamjibu nini?