Kabla ya Kuruka, Soma Unachotia Saini

Queenstown ni mji mdogo katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, kando ya Ziwa Wakatipu, mkabala na safu ya milima iitwayo The Remarkables. Karibu na mji huo, kwenye daraja la Mto Kawarau, ndipo ilipoanzishwa mwaka 1988 biashara ya kuruka kwa kamba ya mpira kutoka kimo cha mita 43. Leo wageni huenda huko kuruka, kuteleza juu ya theluji, kupanda boti za kasi mitoni na kushuka kutoka angani kwa parachuti. Tumeuchagua mji huu kuwa mfano wa somo letu kwa sababu unaleta swali linalomhusu kila mlaji: ninunuapo huduma yenye hatari, nimenunua nini hasa?

Msimamizi ni nani? Nchini humo, wanaoendesha michezo ya hatari ya nchi kavu, kama kushuka makorongo kwa kamba, hukaguliwa usalama wao na kuandikishwa katika daftari la WorkSafe, ambalo umma huweza kulisoma. Boti za biashara zina mamlaka yake ya majini, na parachuti zina mamlaka ya anga. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwulize mwuzaji ameandikishwa wapi, kisha uhakikishe mwenyewe. Picha nzuri si cheti.

Karatasi ya kukubali hatari. Kabla ya mchezo utapewa karatasi ya kutia saini. Isome ungali na nafasi ya kukataa. Saini hiyo haimwondolei mtoa huduma wajibu wake: Sheria ya Dhamana kwa Mlaji ya mwaka 1993 inamtaka atoe huduma kwa uangalifu na ustadi unaostahili.

Ajali na ugonjwa. Tuchukue mfano wa wasafiri wawili waliolazwa siku moja. Wa kwanza amevunjika mguu akiteleza kwenye theluji. Wa pili ameshikwa na homa ya mapafu. Tangu mwaka 1974 Nyuzilandi ina mfuko wa umma wa fidia ya ajali, ambao husaidia kugharimia matibabu ya aliyeumia humo nchini, hata akiwa mgeni, bila kuuliza kosa ni la nani. Kwa sababu hiyo, aliyevunjika mguu kwa kawaida hawezi kumshtaki mtoa huduma ili alipwe fidia ya jeraha. Lakini mfuko huo haugharimii ugonjwa wa kawaida, wala safari iliyokatizwa, wala nauli ya kumrudisha majeruhi kwao. Mwenye homa ya mapafu, kama hana bima, atabeba gharama zake mwenyewe.

Hivyo basi, bima ya safari ni ya lazima kwa mwenye busara. Soma hasa ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, kwa maana bima nyingi huiondoa michezo ya hatari isipokuwa mteja ameongeza malipo.

Upepo na mawingu. Milimani hali ya hewa hubadilika upesi, na mchezo wa angani huweza kuahirishwa saa ile ile uliyopangiwa. Mwendeshaji anayeahirisha anakulinda, usimshurutishe. Lakini pata mapema, kwa maandishi, jibu la swali hili: nitarudishiwa fedha, au nitapangiwa siku nyingine? Anayeondoka kesho yake hana faida na siku nyingine.

Tujipime. Je, unaweza kutaja msimamizi wa huduma unayoinunua, yaliyomo katika karatasi uliyotia saini, mambo ambayo bima yako haiyalipii, na masharti ya kurudishiwa fedha? Ukikosa jibu hata moja, usilipe kwanza. Mlima na ziwa vitakusubiri. Fedha ikishalipwa, kuidai ni kazi.