SOMO LETU: KUKUBALI SIKOSELI SI KUKATA TAMAA

Somo hili ni kwa familia zilizoambiwa hospitalini kwamba mtoto wao ana sikoseli, ugonjwa wa damu ambao anazaliwa nao na kukua nao. Hapa Awendo, na pande zote za ziwa letu, nyumba kama hizo ni nyingi.

Si chira

Mara nyingi neno la kwanza nyumbani ni chira, au "ukoo wa mama ndio mbaya". Tuseme ukweli. Mtoto hurithi sikoseli kutoka kwa baba na mama pia. Aliyerithi upande mmoja tu huitwa AS, naye kwa kawaida ni mzima. Aliyerithi pande zote mbili ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto wa SS. Basi kumfukuza mama ni dhuluma.

Mbona ugonjwa huu umejaa kwetu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949. Akaona hali ya AS ni nyingi pwani na karibu na ziwa, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: AS humkinga mtoto na malaria kali. Lakini mwenye SS akishikwa na malaria, huumia sana.

Kukubali ni nini?

Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba njia, ndipo mifupa huuma. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Hizi huishi 10 hadi 20, ndiyo sababu damu hupungua.

Asiyekubali huzunguka. Leo kwa mganga, kesho kwenye mkutano wa miujiza, ng'ombe anauzwa, na dawa imelala tu kwa kabati. Anayekubali huuliza, "Leo tufanye nini?" Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa, lakini kazi yake haikusimama. Sisi nasi tuombe, na dawa imezwe. Hivyo viwili havigombani.

Kazi za kila siku

1. Maji. Mtoto anywe mara kwa mara, hata kama hana kiu. Walimu waambiwe, ili aruhusiwe kunywa na kwenda choo.

2. Dawa. Apewe foliki asidi, na dawa ya kuzuia malaria kama alivyoandikiwa. Aliye chini ya miaka 5 hupewa pia penisilini kila siku. Mwulizeni daktari kuhusu haidroksiurea, ambayo hupunguza maumivu. Alale ndani ya neti.

3. Baridi na jua. Asinyeshewe na mvua. Asipelekwe kukata miwa jua kali. Apewe kazi anayoiweza, asifanywe mgeni nyumbani.

4. Hatari. Joto likifika nyuzi 38, akipumua kwa shida, akiwa mweupe viganjani, tumbo likivimba ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Msingoje kuche. Nauli ya boda-boda iwekwe kando mapema.

Ndugu zetu, msimwite mtoto huyu "wa kufa". Akitunzwa anaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa na nyumba yake. Nao vijana wanaotaka kuoana wapime damu kwanza, wajue kama ni AS.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kijiji chetu, nani hulaumiwa mtoto akiugua? Tutamsaidiaje?
2. Mama mwenye mtoto wa sikoseli akilazwa naye, nani atapika na kulima kwake?
3. Jumuiya yetu yaweza kuweka akiba ya nauli ya usiku?