Rupia ya 1890 Mnadani: Soma Picha, Kisha Soma Madau

Ninakusanya sarafu za Afrika Mashariki, hasa zile za enzi ya Mjerumani: pesa za shaba za 1890 hadi 1892, rupia zenye sura ya Kaiser Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai, na heller zenye tundu. Zilizunguka Tanga, Bagamoyo na Tabora, lakini leo nyingi zinazouzwa ziko Ujerumani, Uingereza na Marekani, na kwa mtu aliyeko Dar es Salaam njia rahisi ya kuzipata ni mnada wa mtandaoni. Kwa hiyo nanunua kitu ambacho sijakishika, kutoka kwa mtu nisiyemwona, nikishindana na watu waliofichwa nyuma ya herufi mbili na nyota. Wanaoanza huniuliza nafanyaje nisiibiwe. Natazama picha kwanza, kisha mwenendo wa madau. Nafuata mpangilio huo kwa sababu picha mbaya huniondoa mnadani kabla sijapoteza muda kuchambua nani kaweka dau gani.

Karibu kila muuzaji hurekebisha picha, na si kila marekebisho ni hila. Fedha inarudisha mwanga kiasi kwamba kuipiga picha ni kazi ngumu, na mtu akiongeza mwanga kidogo ili maneno GUILELMUS II IMPERATOR yasomeke, sina ugomvi naye. Ninachowinda ni rangi iliyokolezwa na kasoro iliyofichwa.

Fedha ikikaa miaka mingi kwenye bahasha ya karatasi au droo ya mbao hufanya utando: kwanza rangi ya dhahabu hafifu, halafu kahawia, zambarau, samawati. Utando mzuri unaongeza bei sana, ndiyo maana kuna wauzaji wanaoukoleza kwa programu za simu. Kuugundua mkolezo huo, usiikodolee macho sarafu. Tazama vilivyo pembeni yake: karatasi nyeupe, rula, meza, kidole. Kuna rupia ya 1890 niliyokuwa nikiifuatilia ambayo ukingo wake ulimeremeta samawati kama manyoya ya tausi. Kwenye kona ya picha ilionekana ncha ya kidole gumba cha muuzaji. Ngozi ilikuwa ya machungwa na kucha nyekundu ya kuiva, rangi ambayo binadamu hana. Nikaipakua picha ile kwenye simu, nikashusha ukolezi wa rangi polepole mpaka kidole kikarudi kuwa kidole. Samawati yote ilikuwa imetoweka. Ilibaki fedha ya kijivu, ya kawaida kabisa, yenye doa la kahawia karibu na mwaka. Huenda ilikuwa sarafu halali na nzuri tu, ila bei iliyokuwa inapanda ilikuwa ya sarafu nyingine.

Kwa sarafu iliyofungwa kwenye kasha la kampuni za kupima daraja, kazi ni nyepesi zaidi. Kasha la NGC kwa kawaida lina kishikio cheupe kinachoizunguka sarafu, na lebo za PCGS za miaka hii ni za buluu. Kishikio hicho kikionekana cha njano, au buluu ya lebo ikiwa inawaka kupita kiasi, basi na rangi ya sarafu imehama pamoja navyo. Isitoshe, kila kasha lina namba. Iingize kwenye tovuti ya kampuni husika. Mara nyingi utakuta picha yao wenyewe, na unaweza kulinganisha mkwaruzo mmoja mmoja. Kasha lenyewe nalo hughushiwa, kwa hiyo namba kukubali hakutoshi. Sarafu iliyomo ndani lazima iwe ileile ya kwenye picha ya kampuni.

Kuficha kasoro kunaniudhi kuliko rangi, kwa sababu rangi unaweza kuishusha lakini mkwaruzo ambao mwanga umeufuta huwezi kuurudisha. Rupia iliyosuguliwa kwa kitambaa au dawa ya kung'arishia hubaki na mistari myembamba kama nywele, mingi ikielekea upande mmoja, na huonekana zaidi kwenye uwanja laini mbele ya uso wa Kaiser, ambako hakuna nakshi ya kuificha. Mwanga mwingi wa kutoka juu moja kwa moja huimeza mistari hiyo. Ukikuta uwanja huo umekuwa mweupe mtupu, hauna kivuli wala punje, huku kofia na mabega vikiwa vimetoka vizuri, hapo umenyimwa habari. Vivyo hivyo picha ndogo ambayo ukiikuza inavunjika vipande, kwa muuzaji ambaye sarafu zake nyingine zote zina picha kali.

Dawa yake ni kuomba. Mwandikie muuzaji kwa adabu umwombe video fupi, sarafu ikigeuzwa taratibu chini ya taa moja. Mng'ao halisi wa kiwandani unatembea: mikanda ya mwanga inaizunguka sarafu kadiri inavyoinamishwa. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja, au mwanga hukwama mahali pamoja. Omba pia picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Rupia inatakiwa iwe na gramu 11.66, na ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo, ni gramu 7.17 hivi. Hiyo ya Tabora ina nakala bandia nyingi, na mimi siwezi kuiwekea dau bila mizani, hata picha ingekuwa nzuri namna gani. Muuzaji mwaminifu hujibu, pengine kwa kuchelewa. Anayekasirika kwa kuombwa video ya sekunde kumi, mwache na sarafu yake.

Mwisho wa upande wa picha, itafute picha yenyewe. Ipitishe kwenye Google Lens, kisha pekua kumbukumbu za minada kama acsearch na CoinArchives. Mara nyingine utaikuta sarafu ileile, yenye pigo lilelile ukingoni, ilishauzwa ikiwa na picha ya kijivu na bei ya chini. Hakuna ubaya mtu kununua na kuuza kwa faida. Ubaya ni sarafu kupata rangi mpya njiani.

Sasa madau. Mitandao mingi hukuruhusu kuandika kikomo chako, kisha mfumo unakupandishia hatua kwa hatua kadiri wengine wanavyokuja, bila kukionyesha kikomo hicho. Tuseme bei iko dola 46, wewe unaongoza, na kikomo chako ni 90. Anakuja mtu anaandika 120. Bei inaruka hadi 91 na yeye anaongoza, na sasa ameshajua ulikoishia. Anafuta dau lake, sababu aliyoitoa ni kwamba alikosea kuandika tarakimu. Bei inarudi 46. Baadaye jina jingine kabisa linaweka 88. Unashinda kwa 89, unafurahi, na umelipa karibu mara mbili ya bei ambayo wanunuzi wa kweli walikuwa wamefikia. Aliyeweka 120 na kufuta alikuwa mtu wa muuzaji, na hakuhitaji kushinda. Alihitaji tu kujua mfuko wako una kina gani.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 2000, kwenye eBay, mchoro uliodhaniwa kuwa wa Richard Diebenkorn ulipandishwa hadi dola 135,805. Ikabainika kwamba muuzaji na wenzake walikuwa wakiwekeana madau, na kesi ikafika mahakama ya shirikisho ya Marekani. Uingereza nako, mwaka 2010, mtu mmoja alitiwa hatiani huko Bradford kwa kushindana na wateja wake mwenyewe akitumia jina jingine la mtandaoni. Kwa hiyo kulitilia shaka dau si wivu wa aliyeshindwa. Kupandisha bei kwa madau ya uongo ni kosa lenye sheria yake.

Fungua historia ya madau na uisome kwa utulivu. Ninachokitafuta ni mshindani anayeanza mapema, siku nyingi kabla ya mwisho, akipanda kwa dola moja moja ndani ya dakika chache mpaka amguse anayeongoza, kisha anasimama. Natazama asilimia ya madau yake kwa muuzaji huyo, kama mtandao unaionyesha. Natazama madau yaliyofutwa. Halafu napekua minada iliyokwisha ya muuzaji yuleyule: je, jina hilo linapandisha kila mahali na halishindi popote? Na likishinda kwa bahati mbaya, je, sarafu inarudi sokoni wiki inayofuata na picha ileile?

Hapa inabidi kuwa na haki. Dalili moja haimfanyi mtu mwizi. Wanaoanza hupanda dola moja moja kwa woga tu. Akaunti mpya inaweza kuwa ya kijana wa Moshi aliyegundua sarafu jana. Na kwenye sarafu zetu, ambako wauzaji wanaozijua ni wachache, mkusanyaji wa kweli anaweza kuwa anaweka madau yake yote kwa mtu mmoja kwa sababu huyo ndiye mwenye mali. Vita vya dakika ya mwisho kati ya watu wawili navyo, mara nyingi, ni Wajerumani wawili wanaoitaka rupia hiyohiyo. Mimi huondoka dalili zinapokuja kwa pamoja: kupanda mapema, kutoshinda kamwe, kufuta, na mali kurudi sokoni. Hapo nanakili kurasa na kuzituma kwa wasimamizi wa mtandao, kwa lugha ya kueleza nilichokiona, bila kumtaja mtu kuwa tapeli.

Kinga yangu kubwa ni ya kizamani. Kabla ya mnada naandika kwenye daftari bei ya juu nitakayolipa, ikiwa ni pamoja na ada ya mnunuzi, usafirishaji na forodha. Bei hiyo naitoa kwenye mauzo yaliyopita, siyo kwenye joto la mnada. Kisha nangoja. Dau langu naliweka mara moja, sekunde za mwisho, ili anayenusa vikomo vya watu asipate muda wa kuninusa. Kwa minada inayojiongezea dakika kila dau jipya linapoingia, mbinu hii haifanyi kazi, na ndipo namba ya daftarini inapobeba mzigo wote. Bei ikiipita, nafunga ukurasa.

Sarafu ikifika, nafungua bahasha huku simu ikirekodi, napima uzito, napiga picha karibu na dirisha mchana na kuiweka sambamba na picha ya tangazo. Ikitofautiana, nadai siku hiyohiyo, kwa sababu muda wa kurudisha ni mfupi na posta yetu haina haraka. Na kama imekuja ndani ya kasha, usilivunje mpaka uhakikishe umeridhika, maana minada mingi haipokei tena sarafu iliyokwisha kutolewa humo.