Kuchagua Seva katika Mtandao wa Kijamii Usio na Kitovu

Mei 2025 mtandao wa X uliacha kufunguka nchini Tanzania kwa njia ya kawaida. Serikali ilieleza kuwa X inaruhusu maudhui ya ngono, kinyume cha sheria na maadili yetu. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mpunga wa Kasansa, mkoani Katavi, aliyekuwa akiwapata wateja wake wote kupitia X. Simu anayo, kifurushi anacho, lakini wateja hawafikii tena.

Ukiulizwa afanye nini, usikimbilie kuandika kuwa ahamie mtandao usio na kitovu, kama Mastodon, kwa sababu "hauzuiliki". Kosa hili hufanywa na watahiniwa wengi, hata wanaoielewa mada.

Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani. Ni programu ambayo mtu, chuo au chama chochote kinaweza kuiweka kwenye seva yake. Seva hizo huwasiliana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2018. Fikiria laini za simu: mwenye Halotel aliyeko Kasansa humpigia mwenye Airtel aliyeko Mpanda bila kubadili laini. Ndiyo maana jina la mtumiaji lina sehemu mbili, jina lake na jina la seva yake.

Sasa tuje kwenye kuzuia, maana hapa ndipo alama zilipo. Wazuiaji ni wawili, nawe usiwachanganye.

Wa kwanza ni mamlaka ya nchi. Kila seva ina anwani yake, na kampuni za simu zinaweza kuamriwa kuifunga. Faida ya ugatuaji ni kwamba kufungwa kwa anwani moja hakufungi nyingine. Lakini intaneti yenyewe ikikatwa, kama ilivyotokea nchini siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025, hakuna seva itakayokusaidia. Kumbuka pia kuwa kuhamia seva ya ng'ambo hakukuondoi chini ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Ukiandika kosa ukiwa Kasansa, umelitenda Kasansa.

Wa pili ni msimamizi wa seva, naye husahaulika sana. Anaweza kuififisha seva nyingine, yaani machapisho yake yasionekane hadharani ila kwa wanaoyafuata, au kuikata kabisa. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, uliolaumiwa kwa kueneza chuki, ulipohamia programu ya Mastodon, seva nyingi ziliukata. Uamuzi wa namna hiyo huwagusa watumiaji wote wa seva iliyokatwa, wakiwamo wasio na hatia. Kwa hiyo ukijiunga na seva yenye usimamizi legelege, unaweza kuandika bei ya mpunga kila asubuhi na wateja wasiione, kwa kosa la jirani yako.

Kabla ya kujiunga, basi, fungua ukurasa wa maelezo ya seva. Soma kanuni zake, na kama orodha ya seva ilizozizuia imewekwa wazi, isome pia. Orodha ndefu si dosari. Huenda inaonyesha kuwa msimamizi yuko macho. Angalia ni nani anayelipia gharama, kwani seva ya mtu mmoja hufa mtu huyo akichoka. Na usiandike siri katika ujumbe wa faragha: haujafungwa kwa msimbo, hivyo msimamizi anaweza kuusoma. (Mwalimu wako huenda asiulize hili, lakini lijue.)

Ukikosea kuchagua, unaweza kuhama. Wafuasi huhama nawe. Machapisho ya zamani hubaki kule. Seva ikizimwa kabla hujahama, unaanza upya.

Jipime

1. Eleza tofauti kati ya kufifisha seva na kuikata. (Alama 4)

2. "Mtandao usio na kitovu hauwezi kuzuiwa." Jadili kwa hoja tatu. (Alama 9)
Dokezo: anza na hoja inayoiunga mkono kauli, kisha zile zinazoipinga. Atakayetaja mzuiaji mmoja tu atapoteza alama.

3. Mfanyabiashara wa Kasansa amepata seva mbili: moja ina kanuni kali na watumiaji wachache, nyingine haina kanuni na ina watumiaji wengi. Mshauri. (Alama 7)